Siku kumi, visiwa vitatu: uchambuzi wa safari ya familia moja kwenda Grenadines

Mpango ulioletwa kwangu ulikuwa na visiwa saba vya Grenadines, mlolongo wa visiwa vidogo vya Karibi kusini mwa kisiwa cha St. Vincent: Bequia, Mustique, Canouan, Mayreau, Tobago Cays, Union, na mwisho Carriacou. Kila siku ilikuwa na kisiwa chake, na usiku wote wangelala hoteli moja Kingstown, mji mkuu wa St. Vincent, ili wasihangaike kuhamisha mizigo. Aliyeuandaa ni baba wa familia, mtu makini anayeishi na mkewe na watoto wawili karibu na Toronto. Alikuwa ametazama ramani kwa muda mrefu, akaona visiwa vimepangana kama vituo vya basi, akavigawa kwenye kalenda.

Kazi yangu ni kupangia watu safari, na kisa hiki nakieleza kwa kirefu kwa ruhusa yao, bila majina, kwa sababu mpango wa namna hii naupokea kila msimu. Watu wetu walioko Kanada, Marekani na Uingereza wanazidi kwenda Karibi majira ya baridi, na wengi wanafikiri kuruka kutoka kisiwa hadi kisiwa ni jambo la kuamka, kupanda boti na kurudi jioni. Kuna mahali ni hivyo. Grenadines ni hivyo kwa kisiwa kimoja tu.

Msafara ulikuwa wa watu watano. Baba ni wa Tanga, mama wa Mombasa, binti ana miaka 13 na mvulana miaka 9. Wa tano ni Bi Mkubwa, mama mzazi wa baba, aliyekuwa amekuja Kanada kuwatembelea kwa viza ya matembezi akiwa na pasi ya Tanzania. Tarehe hazikuwa na nafasi ya kusogea. Likizo ya shule ya Machi huko Ontario iliangukia ndani ya Ramadhani, iliyotarajiwa kuanza mwanzoni mwa Machi 2025, na mama alisema wazi kwamba hafungi mwezi wake hotelini. Wakachukua wiki yenye sikukuu ya Jumatatu katikati ya Februari, wakaomba ruhusa shuleni kwa siku zilizobaki: kuondoka Alhamisi tarehe 13, kurudi Jumapili tarehe 23.

Hiyo Jumapili naomba msomaji aikumbuke. Ndiyo iliyoamua nusu ya mpango.

Umbali na saa

Kutoka Kingstown hadi Bequia ni kama kilomita 15, na feri huchukua saa moja. Kutoka Kingstown hadi Union, karibu na mwisho wa visiwa vya nchi hiyo upande wa kusini, ni kama kilomita 65. Nilimwambia baba: ni kama Dar na Unguja. Alinielewa papo hapo, na papo hapo akakosea, kwa sababu mtu wa kwetu akisikia Dar na Unguja anafikiria boti ya kasi inayotoka mara kadhaa kwa siku. Huku hakuna kitu hicho. Feri za Bequia ndizo zinazokwenda na kurudi mara kadhaa kila siku ya kazi, kwa sababu Bequia ina wafanyakazi, wanafunzi na wachuuzi wanaoshuka Kingstown asubuhi na kurudi jioni. Meli za kwenda visiwa vya kusini hubeba mizigo, barua na watu pamoja, husimama njiani, na hazitoki kila siku. Kwenda Union na kurudi siku ile ile kwa meli ya abiria, ukabaki na muda wa kukanyaga mchanga, si jambo la kupangia familia.

Kwa hiyo tuliacha kuhesabu kilomita tukahesabu saa. Chukua hata Bequia yenyewe, iliyo karibu kuliko vyote. Ukilala Kingstown, unaamka, unatafuta usafiri hadi gatini, unafika mapema maana watoto na bibi hawakimbii, unakaa baharini saa moja, unashuka Port Elizabeth, unatafuta teksi ya ufukweni. Kurudi ni hivyo hivyo. Karibu saa nne zimekwenda, na saa zilizokwenda ndizo nzuri: asubuhi kabla jua halijawa kali, na jioni watu wanapotoka kupunga upepo. Ukiurudia mwendo huo siku saba, watoto watarudi Kanada wakikumbuka gati la Kingstown kuliko kitu kingine chochote.

Nilimuuliza mama, si baba, anataka nini hasa kwenye safari hii. Alisema anataka watoto waogelee kila siku, Bi Mkubwa akae mahali penye kivuli anaona bahari na watu wanapita, na waone kasa angalau mara moja. Baba alitaka kuona miamba ya Tobago Cays. Kumbe ndani ya visiwa saba yaliyotakiwa kwa dhati yalikuwa mambo mawili: ufuko wa kila siku, na siku moja ya bahari kuu. Vingine viliingia kwenye orodha kwa sababu viko njiani kwenye ramani.

Mustique niliitoa kwanza bila ubishi mrefu. Ni kisiwa kinachoendeshwa na kampuni binafsi, kina majumba ya kifahari ya kupangisha, na mgeni wa siku moja haruhusiwi kuzunguka kila kona. Canouan nayo sehemu yake kubwa ya kaskazini ni eneo la hoteli na majumba ya watu wenye uwezo. Kwa familia yenye watoto wanaotaka kuogelea, siku nzima ya baharini kwenda huko ni bei kubwa mno.

Upepo wa Februari

Wengi huchagua Februari kwa sababu ni kiangazi, mvua kidogo, na msimu wa vimbunga, unaoanza Juni hadi mwisho wa Novemba, uko mbali. Yote ni kweli. Lakini kuanzia Desemba hadi Februari ndipo pepo za mashariki zinazovuma mwaka mzima huzidi nguvu, na wenyeji huziita pepo za Krismasi. Zinaweza kushika kilomita 35 hadi 45 kwa saa kwa siku kadhaa mfululizo. Mbingu ni buluu, jua linawaka, na bahari imechafuka.

Mtu aliyekulia Tanga au Mombasa anayajua mambo ya kaskazi na kusi, kwa hiyo hapa mazungumzo yalikuwa mepesi. Visiwa hivi vimejipanga kutoka kaskazini kwenda kusini, na upepo unatoka mashariki, unavipiga ubavuni. Upande wa magharibi wa kila kisiwa maji yametulia, kwa sababu ardhi inakinga. Ndiyo maana Port Elizabeth, mji wa Bequia, uko upande wa magharibi kwenye ghuba pana ya Admiralty, na ndiko ziliko fukwe za Princess Margaret na Lower Bay. Shida iko kwenye milango iliyo kati ya kisiwa na kisiwa, ambako mawimbi ya Atlantiki yanapita bila kizuizi na mkondo wa maji unasukuma kwenda magharibi. Feri ya Bequia ikitoka Kingstown huenda vizuri, halafu inaingia mlangoni na kuanza kuyumba, halafu inatulia tena ikishafika kwenye kinga ya Bequia. Mateso, kama yapo, hayafiki saa moja.

Tobago Cays ni hadithi nyingine. Kutoka Bequia ni kama kilomita 40 kwenda kusini, milango ni kadhaa, na safari ya kurudi kaskazini ni ngumu zaidi kwa sababu chombo kinapanda dhidi ya mkondo na upepo unakuja kidogo kwa mbele. Watu huenda wakiimba, wakarudi wamelowa na kunyamaza. Mwenye mtoto wa miaka 9 alijue hilo kabla ya kulipa.

Kanuni niliyoitumia hapa ni ile ninayoitumia kila mara kwa siku ya bahari kuu: haiwekwi kwenye tarehe moja. Inawekwa kwenye dirisha la siku tatu au nne, na unaongea na mwenye chombo mapema kwamba utakubali kusogezwa. Mpango wa baba ulikuwa na kisiwa kila siku, kwa hiyo haukuwa na siku hata moja ya kupokea upepo. Siku moja ikiharibika, aidha unapanda chombo kwenye bahari mbaya au unakosa kabisa. Siku tupu kwenye kalenda ndiyo inayokununulia Tobago Cays.

Pasi ya Bi Mkubwa

Kwa watu wanne wenye pasi za Kanada, karibu kila kisiwa kilikuwa wazi. Kwa Bi Mkubwa ilibidi twende pole pole. Pasi ya Tanzania inaingia St. Vincent na Grenadines bila viza. Suala lilikuwa njia ya kufika.

Tiketi rahisi kuliko zote ilipitia Miami. Marekani haina utaratibu wa kupita tu uwanjani bila viza: hata ukibadilisha ndege kwa saa mbili, unaingia nchini mwao kwanza. Bi Mkubwa hakuwa na viza ya Marekani. Tiketi hiyo ikafa. Rafiki wa familia akashauri wapitie Martinique, akisema kuna viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, inayopatikana haraka. Hapo nilisimama kidete, kwa sababu kosa hili linawakamata watu wetu mara nyingi: Martinique, Guadeloupe, Saint-Martin na Saint-Barthélemy ni za Ufaransa lakini haziko ndani ya Schengen. Viza ya kawaida ya Schengen haitoshi. Inatakiwa viza iliyotolewa na Ufaransa ikitaja kuwa inafaa kwa maeneo hayo ya ng'ambo. Nimeshasikia watu wakizuiwa kwenye kaunta ya ndege wakiwa na viza halali ya Ulaya mkononi.

Ikabaki ndege ya moja kwa moja kutoka Toronto hadi uwanja wa ndege wa Argyle, huko St. Vincent, uliofunguliwa Februari 2017. Ilizidi bei kidogo, haikuwa na shaka, na hairuki kila siku, ndiyo maana tarehe ziligandana na Alhamisi na Jumapili. Tulihakiki pia kwamba viza yake ya Kanada inamruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Kwenda ni nusu ya safari. Bibi anatakiwa arudi Toronto kwa wajukuu wake.

Carriacou ilitoka kwa sababu hiyo hiyo ya mipaka. Kwenye ramani iko pua na mdomo na Union, lakini ni sehemu ya Grenada, nchi nyingine. Ukitaka kuvuka unagonga muhuri wa kutoka Clifton kule Union, na unagonga wa kuingia Hillsborough. Jioni unarudia. Kwa familia ya watu watano na pasi za namna mbili, siku nzima ingeishia kwenye madawati ya uhamiaji.

Baada ya Beryl

Kulikuwa na sababu nyingine ya kuacha kulala kusini, na hii nilitaka baba na mama waijadili wao wenyewe badala ya mimi kuwaamulia. Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl, chenye nguvu ya daraja la nne, kilipita na jicho lake juu ya Carriacou. Union, Mayreau na Canouan zilipigwa vibaya. Serikali ya St. Vincent ilisema karibu asilimia 90 ya nyumba za Union ziliharibika sana au zilibomoka kabisa. Bequia, iliyo kaskazini zaidi, iliumia kidogo ukilinganisha.

Februari 2025 ilikuwa miezi saba tu baadaye, na kusini watu walikuwa bado wanajenga. Kuna wanaosema mgeni asiende kabisa mahali palipopigwa, na kuna wanaosema aende haraka kwa sababu pesa ya mgeni ndiyo inayonunua bati. Mimi nashika katikati, na nina sababu. Chumba kinachofaa kulala kwenye kisiwa kilichopoteza mapaa kina watu wengi wanaokihitaji kabla ya mtalii: mafundi, wauguzi, wenye nyumba wenyewe. Lakini mgeni anayekuja mchana, akala chakula cha mwenyeji, akalipa ada ya hifadhi, akanunua vitambaa vyao na shanga zao, hampokonyi mtu kitanda. Mama alikubali haraka. Alisema kwao Mombasa mgeni haendi kulala kwenye nyumba yenye msiba, anakwenda kutoa pole na mkono wake haurudi mtupu. Kwa hiyo Union ilitoka kwenye orodha ya kulala, na fedha waliyokuwa wameitenga kwa ajili yake waliigawa: sehemu ikaenda kwenye siku ya Tobago Cays, sehemu baba akaibeba taslimu kwa matumizi ya huko.

Magoti

Mpaka hapo sote tulikuwa tunahofia mawimbi kwa ajili ya Bi Mkubwa. Yeye mwenyewe hakuwa na habari nayo. Amekulia Tanga, amepanda mashua hadi Pemba akiwa msichana, na alituambia kichefuchefu ni cha watu wa bara.

Swali lililobadilisha mpango lilikuja kwa bahati, tulipokuwa tunaongea kwenye simu kuhusu viti vya magurudumu uwanjani. Nikamuuliza: mama, ngazi unapanda? Akajibu: napanda, kushuka ndiko kunanishinda.

Tobago Cays ni visiwa vitano vidogo visivyokaliwa na mtu: Petit Rameau, Petit Bateau, Baradal, Jamesby, na Petit Tabac kilichojitenga nje ya wenzake. Ni hifadhi ya bahari. Hakuna gati. Chombo kinatia nanga kwenye maji ya kina, unashuka ngazi ya ubavuni kuingia kwenye mashua ndogo ambayo inapanda na kushuka na wimbi, mashua inakimbilia ufukweni, na unaruka kwenye maji yanayofika magotini. Kurudi unaifanya kazi hiyo hiyo ukiwa umelowa. Kwa mtu wa miaka 68 mwenye magoti mabovu, hiyo si safari. Feri ya Bequia, kwa upande mwingine, inashusha mlango wake mpana gatini kama feri ya Likoni. Unaingia kwa miguu pamoja na magari, unaketi.

Ni jambo ambalo matangazo ya safari hayalisemi. Yanaeleza rangi ya maji, yanaeleza chakula, na picha zote zimepigwa watu wakiwa wameshafika. Tangu hapo naliuliza mwanzo kabisa, kabla ya bajeti: nani kati yenu hawezi kushuka ngazi ya chombo kinachoyumba? Mjamzito, mwenye mgongo, mwenye mtoto mchanga mkononi, wote wanaingia humo.

Familia ilibidi ikubali kwamba siku hiyo haitakwenda pamoja. Haikuwa rahisi. Baba alitaka kuiacha Tobago Cays kabisa kuliko kumwacha mama yake nyuma, na mkewe alijua kwamba atakayebaki ni yeye. Bi Mkubwa ndiye aliyeifunga mada. Alimwambia mwanawe: "Mimi nimekuja kukaa na nyinyi, sikuja kuwafunga miguu. Nendeni na watoto, mimi na mkeo tuna yetu." Mkewe aliniambia baadaye kwamba neno "yetu" lilimwondolea uzito wote.

Mpango ulivyokuwa mwishoni

Alhamisi walifika Argyle, wakalala usiku mmoja kusini mwa St. Vincent, pwani ya Villa, bila kujaribu kuwahi feri ya jioni. Ndege ikichelewa saa moja, familia yenye bibi na watoto gatini usiku ni jambo la kuepuka. Ijumaa asubuhi wakavuka kwenda Bequia na kulala usiku saba kwenye nyumba ya kupanga iliyo ngazi chache tu kutoka barabarani. Ijumaa iliyofuata wakarudi St. Vincent kwa usiku mbili za mwisho, ndipo Jumapili wakaondoka.

Baba aliuliza kwa nini wasibaki Bequia hadi Jumapili asubuhi. Kwa sababu Jumapili feri ni chache, na ratiba yake hubadilika siku za sikukuu na chombo kinapokuwa kwenye matengenezo. Ndege inayoruka mara chache kwa wiki ukiikosa, hukosi siku moja. Usiku wa mwisho unalala kwenye kisiwa chenye uwanja wako wa ndege. Kwenye hili sina mjadala na mteja yeyote.

Bequia ina ukubwa wa kilomita za mraba 18, na kwa siku saba haikuwachosha. Teksi zake ni pikapu zenye mabenchi nyuma na paa la turubai, na Bi Mkubwa walimweka mbele na dereva. Kutoka Port Elizabeth boti ndogo zinakupeleka ufuko wa Princess Margaret au Lower Bay kwa dakika chache, au unatembea njia ya pembeni mwa maji. Watoto waliogelea kila siku. Kijana mdogo alipenda zaidi karakana za wachonga vielelezo vya mashua. Bequia ni kisiwa cha mafundi wa vyombo na wavuvi wa nyangumi. Hadi leo ni miongoni mwa sehemu chache duniani ambazo Tume ya Kimataifa ya Nyangumi inaziruhusu kuvua kwa mila, wastani wa nyangumi wanne kwa mwaka. Msimu wake unaangukia miezi hiyo, na niliwatahadharisha wazazi mapema ili binti, anayependa sana wanyama, asikutane na jambo hilo bila maelezo.

Siku ya Tobago Cays tuliitia Jumatatu, dirisha likiwa hadi Alhamisi. Jumapili jioni nahodha alipiga simu kwamba upepo ni mkali, akashauri wasubiri. Wakasubiri. Jumatano wakaondoka saa moja asubuhi kwa skuna ya milingoti miwili, baba na watoto wawili, vidonge vya kichefuchefu vikiwa vimemezwa nusu saa kabla kama nilivyosisitiza. Ukisubiri hadi tumbo lianze, vimekwisha maana. Waliketi nyuma karibu na usukani, ambako chombo kinayumba kidogo zaidi, na simu zikawekwa mfukoni.

Saa za kwenda zilikuwa zaidi ya tatu. Ndani ya miamba ya Horseshoe, ambayo inapokea mawimbi yote ya Atlantiki na kuyavunja, maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba kivuli cha chombo kilionekana chini kwenye mchanga. Upande wa mashariki wa mwamba ule, ukiacha Petit Tabac, hakuna nchi kavu hadi Afrika, na baba alimwonyesha mwanawe upande huo. Kwenye Baradal kuna eneo lililozungushiwa maboya kwa ajili ya kasa wanaokula nyasi za baharini. Vyombo vya mota haviingii, na unaogelea taratibu bila kuwagusa. Binti alielea juu ya kasa mmoja kwa muda mrefu bila kupiga miguu. Aliniambia kwamba kasa akila anainua kichwa na mchanga unatoka puani kama moshi, halafu anapanda juu, anavuta pumzi mara moja, anashuka palepale alipoachia. Hilo halikuwa kwenye picha yoyote aliyoiona kabla.

Walikula samaki na kambakochi wa kuchoma wa wenyeji wa Union na Mayreau waliokuja na mashua zao, na hapo ndipo taslimu ilipofaa. Walirudi Bequia giza linaingia. Februari jua huzama saa kumi na mbili na dakika chache. Kijana alitapika mara moja kwenye mlango wa kusini mwa Bequia, akalala, akaamka gatini anataka chakula.

Kuhusu fedha, jambo moja linaloumiza wageni. St. Vincent hutumia dola ya Karibi ya Mashariki, pamoja na nchi na maeneo mengine saba, na dola moja ya Marekani ni 2.70 za kwao, kiwango kisichobadilika tangu 1976. Wauzaji wengi hupokea zote mbili na kutaja bei kwa neno "dola" tu. Teksi ya "dola mia" ni dola 37 za Marekani, au ni mia kamili, kutegemea nani anaelewa nini. Uliza ni dola ipi kabla hujapanda. Na toa pesa Kingstown au Port Elizabeth, maana kwenye visiwa vidogo mashine ni adimu na Mayreau haina benki. Jingine, dogo lakini zito: mavazi yenye rangi za kijeshi ni marufuku kisheria kwa raia, hata kwa mtoto. Mama alitoa kaptula mbili sandukuni.

Jumamosi ya mwisho, St. Vincent, walikwenda Bustani ya Mimea ya Kingstown, iliyoanzishwa 1765. Hapo kuna mti wa shelisheli unaoelezwa kuwa ni uzao wa miche iliyoletwa na William Bligh kutoka Pasifiki mwaka 1793 ili kulisha watumwa wa mashamba ya miwa. Bi Mkubwa alikuwa amemaliza siku kumi bila kulalamika na bila kuvutiwa sana na chochote zaidi ya wajukuu. Alipouona mti ule alisimama. Mchana walikula shelisheli ya kuchoma na kolekole wa kukaanga, chakula cha taifa la St. Vincent, na akamwita mpishi amweleze anaichoma kwenye moto wa namna gani. Mkwewe alitafsiri kwa nusu saa.

Kwa familia isiyo na mtu wa kushindwa ngazi, na kusini kukishajengwa, ningepanga vingine: ndege ndogo kutoka Argyle hadi Union siku ya kwanza au ya pili, usiku tatu huko, ambako Tobago Cays na Mayreau ziko karibu kabisa na siku ya bahari inakuwa ya nusu siku, kisha kurudi kaskazini hadi Bequia kwa usiku nne, na usiku wa mwisho St. Vincent. Hapo unakwenda mbali kwanza ukiwa na nguvu, na kila hatua inayofuata inakusogeza karibu na ndege ya kurudi. Baba ameshaniomba niwaandalie hivyo kwa mwaka ambao Bi Mkubwa atakuwa Tanga. Nimemwambia tutazungumza na watu wa Union kwanza, tuwaulize wao kama wako tayari.